Kamati ya Matanga Ije Mapema

Kaeni hapo kwenye mkeka, wanangu. Na wewe uliyesimama mlangoni na simu mkononi, ingia ndani, chai ipo.

Jumanne iliyopita nilikuwa Umoja kumtazama mjukuu. Kwenye ngazi za ploti nikakutana na msichana ambaye namjua tangu akiwa anatumwa mkate. Alikuwa amemfunga mamake mgongoni kwa leso mbili, vile tunavyofunga mtoto, anateremka naye kutoka ghorofa ya nne, mkono mmoja umeshika ukuta. Lifti hakuna. Ploti hizo ziliongezwa ghorofa juu ya ghorofa, ngazi ikaachwa ya kupita mtu mmoja mwembamba. Waliokuwa wakipanda walijibanza, wakasema pole, wakaendelea kupanda. Chini tuktuk ilikuwa inangoja kumpeleka mama kliniki, Hospitali ya Mama Lucy.

Nilimshikia mlango. Nikamwuliza ni muda gani sasa. Miaka mitatu. Nikamwuliza ndugu zake wako wapi, na majirani, na watu wa kanisa. Alivuta pumzi kwanza, ndipo akanijibu: "Shosho, hao wote watakuja siku ya kuzika."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekutajia nauli. Sikulala vizuri usiku huo, na ndiyo sababu nimewaita.

Maana alisema kweli. Sisi watu wa Eastlands tukipatwa na msiba tunajua kazi. Mtu akifa Jericho saa tisa usiku, jioni ya siku hiyo hiyo hema limesimama nje, viti vya kukodi vimefika, kuna mwenyekiti, karani, mweka hazina, namba ya M-Pesa na kikundi cha WhatsApp chenye watu zaidi ya mia. Kila jioni kikao. Daftari linasomwa kwa sauti: fulani 500, fulani 1,000, fulani ameahidi. Yuko anayeshughulikia mochari, yuko wa basi la kwenda mashambani, wako wa sufuria. Mluo, Mkamba, Mkikuyu, Mluhya, Mwislamu na Mkristo wanakaa benchi moja, na kijana ambaye hajawahi kufika mahali popote kwa wakati anafika. Haya hakuna aliyetufundisha darasani. Lakini marehemu huyo huyo alilala kitandani miaka saba, na katika miaka hiyo saba hakuna aliyepiga simu kuuliza pampa za mtu mzima zinauzwa bei gani.

Basi neno langu leo ni moja, na mengine yote ni matawi yake: iteni kamati ya matanga mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kunywa uji wake.

Kiswahili kina neno la kazi hii. Anayeumwa anaugua, anayemhudumia anauguza. Mzizi mmoja. Waliotunga lugha walijua ugonjwa haukai katika mwili mmoja. Kwa hiyo mtu akikuuliza siku hizi unafanya nini, usimwambie "niko tu nyumbani". Mwambie nauguza. Hapa Nairobi mwenye jina la keyateka ni yule anayedai kodi na kukata maji. Anayemgeuza babake usiku kila baada ya saa mbili hana jina, na asiye na jina hahesabiwi. Mwaka 2021 KNBS, watu wa takwimu, walipima kwa mara ya kwanza jinsi Wakenya wanavyotumia saa zao za siku. Wakakuta kazi za nyumbani na kuhudumia watu bila malipo zinakula muda wa wanawake takriban mara 5 ya muda wa wanaume. Mimi sikuhitaji kupimwa ili nijue. Hata hivyo nafurahi imeandikwa, kwa sababu ofisini kisichoandikwa hakipo.

Nimeuguza mara mbili. Ya kwanza alikuwa dadangu, miaka ya tisini, kwa ule ugonjwa ambao wakati huo hatukuutaja. Rais Moi alikuja kuutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, na dawa zilikuja kutolewa bure katika hospitali za serikali 2006. Dadangu hakufika huko. Wodi zilikuwa zimejaa, wakaturudisha nyumbani na panadol. Waliotuokoa ni akina mama wawili wa kanisa, waliokuja kila Ijumaa na glavu, sabuni na dawa ya vidonda. Mmoja alimwosha, mwingine alinituma nikalale. Hakuna aliyewalipa.

Ya pili ni mzee wangu. Kiharusi kilimwangusha 2009, akaishi miaka minane. Na hapa ndipo niliposhindwa, wanangu. Kwa ugonjwa wa aibu nilisaidiwa na wageni. Kwa ugonjwa usio na aibu yoyote nilijifungia mlango. Nilijiambia mke mwema humhudumia mumewe. Majirani waliniuliza kama nahitaji chochote, nikasema tuko sawa. Kibanda changu cha mitumba Gikomba kilienda mwaka wa pili. Mgongo ulienda wa nne. Presha yangu niliijua siku nilipoanguka bafuni, mzee amelala chumbani ananisikia na hawezi kuinuka. Tulilala hivyo, yeye kule na mimi huku, mpaka mtoto wa jirani alipokuja kuomba kibiriti.

Kosa hilo mnaliona nyinyi kama mapenzi. Mimi pia niliona hivyo.

Jueni pia kwamba nyumba zetu hazikutengenezewa mgonjwa. Mkoloni alipojenga vyumba vya Shauri Moyo, alikuwa anamtafutia mfanyakazi mahali pa kuweka kichwa. Akizeeka au akiugua, arudi kwao. Dandora ilipoanza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu walipewa kiwanja chenye choo na bomba, wajijengee yaliyobaki. Na kweli zamani wagonjwa walirudi mashambani. Leo shamba limegawanywa mara tatu, vijana wote wako huku, na mzazi ndiye anayeletwa Nairobi kufuata hospitali. Anafika kwenye chumba kimoja chenye pazia katikati. Kwa hiyo usijilaumu kwamba unashindwa kufanya peke yako kazi iliyokuwa ya boma zima.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Anza na daftari. La shilingi chache tu, la mistari. Kwa mwezi mmoja andika kila kitu: pampa, uji, tuktuk, mama fua, dawa. Halafu andika saa. Uliamka saa ngapi, ulilala saa ngapi, siku ngapi hukwenda kibaruani. Ndugu zako wataleta ubishi juu ya pesa kwa sababu kila mtu ana matatizo ya pesa, lakini saa zinawanyamazisha. Mwezi ukiisha, itisha kikao cha familia, kama kile cha matanga: mwenyekiti awepo, na asiwe wewe. Soma daftari kwa sauti. Ndugu aliye Doha asikilize kwa simu.

Kisha gawanyeni, na mgawo uandikwe. Anayeweza pesa atoe pesa kwa tarehe inayojulikana, si akikumbuka. Asiye na pesa atoe usiku. Jumamosi usiku ni wa kaka, Jumapili mchana ni wa shangazi. Na nyinyi wavulana mnaoangalia dari, msiniambie hamjui kumwosha baba. Mlibeba jeneza la jirani kutoka mochari bila kufundishwa, mkaliteremsha kaburini kwa kamba. Kumgeuza mtu aliye hai ni rahisi kuliko hivyo: shuka iliyokunjwa mara mbili chini ya mgongo, watu wawili, mmoja kila upande, mto katikati ya magoti, na kila baada ya saa mbili. Ngozi ikibadilika rangi kwenye nyonga au kisigino na isirudi ukiibonyeza, usiisugue. Hicho ni kidonda kinaanza. Ita mhudumu.

Mhudumu yupi? Kila mtaa una mhudumu wa afya ya jamii, yule anayeitwa CHP. Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu hao, takriban 100,000 nchini, mifuko yenye mashine ya presha na ya kupima sukari. Muulize mzee wa mtaa au zahanati wako ni nani, na umwite aje akufundishe kuhudumia mgonjwa, tena akupime na wewe presha. Wengi wenu mnamwacha apime mgonjwa tu, halafu anafunga mfuko.

Karatasi nitazipitia haraka, maana mnazijua lakini hamzifuati. Mzazi asajiliwe SHA, ile bima ya afya ya serikali, kama kaya yake mwenyewe. Ukipiga *147# unaanza hapo, na aliyesajiliwa hutibiwa bure zahanati na vituo vya afya hata kabla hajalipa mchango. Hospitali kubwa ndiko mchango unakodaiwa. Ulemavu upimwe hospitali ya serikali, kisha mgonjwa asajiliwe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kwa aliye na ulemavu mkubwa, ambaye hawezi kuachwa peke yake, kuna fedha za Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi. Mpango huo wa ulemavu mkubwa ulianza 2011, maana anayemhudumia mtu wa namna hiyo hawezi kwenda kazini. Wazee wa miaka 70 na zaidi nao wana fungu lao. Kama mgonjwa hawezi kufika, aandikishe mtu wa kumpokelea. Elewa tu kwamba kuandikishwa si kulipwa, na malipo huchelewa. Usikope kwa kuyategemea. La mwisho, ambalo mimi nililikosa: hati ya uwakilishi, ya kukuruhusu kushughulikia benki na pensheni yake, itiwe sahihi akili ingali timamu. Akishapoteza fahamu, njia inayobaki ni mahakama, na mimi najua benchi za mahakama zilivyo ngumu kwa mtu mwenye mgongo mbovu.

Kwa wenye kazi ya mwajiri: Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 21 za likizo ya mwaka na siku za ugonjwa wako wewe. Likizo ya kuuguza mzazi haimo. Kwa hiyo zungumza na msimamizi wako mapema, kabla hujaanza kusingizia kwamba tumbo linakuuma.

Sasa kikundi. Hapa nitakaa kidogo.

Familia peke yake huchoka. Tafuta wenzako wanaouguza. Si mbali, ni katika ploti zile zile. Utawaona kemisti wakinunua pampa, utawaona kliniki wakisinzia. Mkifika 10 mnaweza kusajiliwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka idadi hiyo kwa kikundi cha kawaida, na kazi hufanyika kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wa eneo lenu: katiba fupi, kumbukumbu za mkutano, orodha ya wanachama na vitambulisho. Cheti kina maana. Kwa cheti mnafungua akaunti, mnaomba mkopo wa Uwezo Fund, mnaandika barua ikapigwa muhuri. Bila cheti nyinyi ni akina mama waliokuja kulia ofisini.

Lakini msianze na pesa. Sikilizeni hapo. Kikundi chetu cha kwanza kilikufa kwa sababu kilianza na merry-go-round. Baada ya miezi mitano mweka hazina alikuwa na mgonjwa aliyezidiwa, akatumia pesa ya watu kwa hospitali, na nani angemlaumu? Hatukumlaumu. Tulinyamaza tu, tukaacha kukutana, na hiyo ndiyo ikawa mbaya zaidi. Kikundi cha wauguzaji kina watu ambao kila mmoja anaweza kupata dharura usiku wa leo. Pesa nyingi ikikaa hapo itaibiwa na mtu mwema.

Anzeni na saa. Mimi nakaa na babako Alhamisi saa nane hadi saa kumi, wewe unakwenda kusuka nywele, kulala, kukaa Uhuru Park ukitazama miti kama unataka. Jumatatu unanikalia. Kiti cha magurudumu kimoja kinaweza kutumiwa na nyumba tatu kama kliniki zao si siku moja. APDK, ambao wamekuwa wakiwasaidia watu wenye ulemavu tangu 1958, hutengeneza viti hivyo, basi waandikieni kama kikundi. Pampa mkinunua katoni badala ya pakiti, mnaona tofauti. Pesa ndogo ya dharura ikiwepo, iwe ndogo kweli, watu wawili watie sahihi, daftari lisomwe kila mkutano. Kama matanga.

Na tafuteni waliotangulia. Nairobi Hospice ipo tangu 1990, pale kwenye uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, na wenye mgonjwa wa saratani wanafundishwa huko kutuliza maumivu nyumbani. Mgonjwa kulia usiku kucha si lazima. Kama mzazi anasahau, anakuita jina la dadake aliyekufa, anatoka saa kumi alfajiri akisema anakwenda kazini, usikubali wakuambie amelogwa. Elizabeth Mutunga, ambaye babake alipata ugonjwa huo wa kusahau, alianzisha shirika la Alzheimer's hapa Kenya, na familia hukutana kuzungumza. Nenda ukasikilize hata mara moja. Utasikia mtu mwingine akisema lile ulilodhani ni dhambi yako peke yako: kwamba kuna usiku ulitamani mgonjwa afe.

Ndiyo, nimesema. Mimi nilitamani. Asubuhi nikampikia uji.

Jihadharini na wanaonusa uchovu. Kuna wa mafuta ya upako ya 3,000, kuna wa mitishamba ya kurudisha mkono uliopooza, kuna "wakala" wa kukuingiza Inua Jamii kwa kitu kidogo. Huyo wa mwisho ana kalamu na koti, ndiye hatari zaidi. Usajili huo haulipiwi.

Halafu mabinti wa mwisho, njooni karibu. Familia nyingi hazimchagui anayeuguza. Zinaangalia tu nani hajaolewa, nani kibarua chake ni kidogo, nani hajui kusema hapana. Ukiambiwa uache chuo "kwa muda kidogo", uliza muda huo unaisha tarehe ngapi, na uliza mbele ya watu. Kusaidia, saidia. Lakini tarehe iandikwe kwenye lile daftari.

Na kuna mlango ambao hatuujaribu. Mnakumbuka wale akina mama wa Ijumaa? Wako wengi waliokuwa kama wao, Mathare na kwingineko nchini. Baadaye mtandao wa GROOTS Kenya, uliozaliwa 1995 baada ya mkutano wa wanawake wa Beijing, ukawaunganisha wauguzaji wa nyumbani wawe muungano. Walianza kwa kujihesabu: nani, mtaa gani, anauguza wangapi. Mpaka hapo walikuwa "wamama wa kujitolea". Waliposhika orodha, wakaitwa kwenye meza za serikali. Orodha, wanangu, siyo machozi.

Nanyi jihesabuni. Ibara ya 57 ya Katiba inasema mzee ana haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa dola. Sisi tumekuwa tukisoma neno la kwanza peke yake. Kaunti huwasilisha mkakati wake wa matumizi kwa bunge la kaunti kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya hapo lazima waite wananchi. Ukumbi huwa una vijana wachache wanaongoja soda na wazee wanaozungumzia taa za barabarani. Ingieni watu 10 wenye cheti, mseme mambo mawili yanayoweza kufanyika: viti vinne vya magurudumu katika zahanati ya wadi, na chumba kimoja cha ukumbi wa jamii kifunguliwe siku mbili kwa wiki, wagonjwa wakae pale na mtu wa kuwaangalia. Msiombe hospitali mpya. Mkiomba hospitali mtaahidiwa hospitali.

Chai yenu inapoa. Nimalizie na yule binti wa ghorofa ya nne. Nimezungumza na vijana wa steji ya boda, nimezungumza na kakake, ambaye kumbe anaishi Kayole, dakika 20 kwa miguu. Kiti cha plastiki chenye mikono ninacho, na kamba za kufungia. Jumanne ijayo mama ana kliniki tena, saa mbili asubuhi. Nataka watu wawili wenye migongo mizima pale kwenye ngazi saa moja kasoro robo, na mmoja wa kubaki naye hospitali mpaka saa tano ili binti aende kazini. Daftari hili hapa. Nani naanza kuandika?